KWA NINI TUMBO HUBAKI JUU

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, usirudi kulitazama jalada ukidhani umepotea njia. Hukupotea. Hili ni jarida la Chama cha Kiswahili wala si la Chama cha Sayansi. Najua wako watakaoguna wakisema, "Fizikia tena! Si tuliiacha darasani, mbona imetufuata hadi huku?" Tulieni, wenzangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nawaahidi kuwa hamtainama sana. Nataka tuzungumze juu ya bembea, zile bembea kubwa za chuma zinazoletwa wakati wa maonyesho ya kilimo, na jambo moja ambalo bembea hizo zimenifundisha kuhusu safari zetu za kila siku.

Kwanza swali. Ni kitu gani kinachomtia mtu hofu anapopanda bembea ile? Niliwauliza wenzangu kumi na wawili darasani, na kumi kati yao wakajibu bila kusita, "Ni spidi!" Jibu hilo linapendeza masikioni, lakini si la kweli. Sikiliza nikueleze.

Dunia yetu hujizungusha. Hapa kwetu karibu na ikweta, mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 hivi, na mzunguko mmoja humalizika kwa saa 24. Chukua kalamu ugawe mwenyewe. Utakuta kwamba wewe uliyeketi hapo ukisoma, pamoja na dawati lako na mwalimu wa zamu anayepita dirishani, nyote mnakimbia kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Hakuna bembea ulimwenguni inayokaribia kasi hiyo. Je, umeshikilia dawati? Kuna yeyote aliyepiga mayowe? Hata abiria wa ndege inayokwenda kilomita 800 kwa saa hunywa chai yake taratibu, na kikombe hakimwagiki.

Basi kasi peke yake haisikiki mwilini. Kinachosikika ni mabadiliko ya kasi: kuongezwa ghafla, kupunguzwa ghafla, au kugeuzwa kuelekea upande mwingine. Mabadiliko hayo wataalamu huyaita mchapuko. Lishike neno hilo vizuri, maana ndilo mzizi wa makala haya yote.

Mwaka jana nilikwenda kwenye maonyesho ya kilimo ya Nakuru, au shoo kama tunavyoyaita, nikiwa na mama na mdogo wangu wa miaka tisa. Ng'ombe tuliwaona, mahindi marefu tuliyaona, lakini kijana huyo macho yake yalikuwa kwenye bembea tu. Mama akatoa pesa shingo upande. "Mimi siwezi kulipa pesa ili niteswe," akasema, akabaki chini akitushikia viatu na mifuko.

Bembea tuliyoipanda ilikuwa na umbo la jahazi. Hupelekwa mbele na nyuma kama mtoto kwenye kamba, ila kila mara hupanda juu zaidi. Kijana aliyeisimamia alipita safu baada ya safu akishusha chuma cha kutuzuia mapajani, kisha akikivuta kuhakikisha kimeshika. Mzee mmoja mwenye kitambi alimwambia, "Mimi niache tu, nitajishikilia." Yule kijana akajibu kwa adabu, "Mzee, pole, lakini mashine haiondoki mpaka hicho chuma kishuke." Tukangoja wote. Mzee akavuta pumzi, kitambi kikaingia ndani, chuma kikashuka. Ndipo tukaondoka.

Lo! Mambo hayo yasikie kwa wengine. Jahazi lilipopita chini, nilikandamizwa kitini nikahisi mashavu yakining'inia kama ya bibi kizee. Lilipofika juu, nikawa mwepesi kama unyoya. Mdogo wangu akapiga ukemi, "Dada! Tumbo langu limebaki juu!"

Maneno hayo ya mtoto yalinikaa akilini wiki nzima. Kwa nini tumbo hubaki juu? Nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia, naye akacheka akasema kwamba mwendo wa duara ni mada ya kidato cha nne, nisubiri. Subira huvuta heri, lakini mimi niliazima kitabu kwa jirani yangu wa kidato cha nne. Haya ndiyo niliyoyapata.

Uzito unaousikia ukiwa umeketi ni ule msukumo wa kiti kinachokuzuia usiende chini. Kiti kikisukuma sana, unajiona mzito. Kikisukuma kidogo, unajiona mwepesi. Sasa, jahazi linapopita chini kabisa, kiti kina kazi mbili kwa mpigo: kukubeba, na kuupinda mwendo wako uanze kuelekea juu. Kwa hiyo husukuma zaidi. Kule juu, jahazi linaposimama kidogo kabla ya kurudi, kiti kimeinama na hakikubebi sawasawa.

Nilipiga hesabu. Jahazi likipanda hadi nyuzi 60, mtu wa kilo 50 akiwa juu husikia kana kwamba ana kilo 25. Sekunde chache baadaye, akipita chini, husikia kana kwamba ana kilo 100! Yaani mara nne ya alivyokuwa huko juu. La ajabu zaidi ni kwamba urefu wa kamba hauingii katika hesabu hiyo. Bembea ya kamba iliyofungwa kwenye mti nyumbani kwa nyanya, nayo ikipanda nyuzi 60, hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba fupi hukutendea hayo haraka, na ndefu hukutendea polepole ili upate muda wa kujutia pesa zako.

Na tumbo je? Viungo vya ndani havikupigiliwa misumari. Vimening'inia humo vikibebana. Kiti kinapoacha kukusukuma, navyo huacha kulemeana ghafla, na ubongo ambao tangu uzaliwe umezoea mzigo huo hushtuka. Tumbo halikubaki juu. Linaanguka pamoja nawe sawia. Kilichokuacha ni uzito wako.

Wanaanga huishi katika hali hiyo mchana na usiku. Wengi wetu tunadhani kwamba wao huelea kwa sababu huko juu hakuna mvutano wa dunia. La hasha! Kituo cha anga huzunguka takriban kilomita 400 juu ya ardhi, na mvutano huko ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa. Wanaelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja bila kukoma, huku mwendo wao wa mbele ukiwakosesha ardhi kila mara. Wako kwenye jahazi ambalo halifiki chini.

Nilipomweleza mama mambo haya aliniuliza, "Na zile treni za kwenye televisheni zinazopindua watu kichwa chini, mbona hawaanguki?" Nikaenda nje nikachukua ndoo ndogo, nikaitia maji nusu, nikaanza kuizungusha kutoka chini hadi juu ya kichwa changu. Mama akaruka nyuma. Hata tone moja halikumwagika. Maji yalitaka kwenda moja kwa moja mbele, kwa maana Isaac Newton alikwisha kutuandikia mwaka 1687 kwamba kitu kilicho mwendoni huendelea na mwendo wake kwenye mstari mnyoofu mpaka kani fulani ikizuie. Kitako cha ndoo ndicho kilichoyapinda. Mkono na ndoo vikiwa mita moja kwa pamoja, sharti kila mzunguko uchukue sekunde mbili au pungufu.

"Na ukichelewa?" mama akauliza.

"Nikichelewa nitaoga."

Treni hizo za mchezo, ambazo huitwa rolakosta, ni ndoo hiyo hiyo iliyotiwa watu badala ya maji. Nyingi hazina injini ndani yake. Mnyororo huzivuta hadi kwenye kilima cha kwanza, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote, kisha huachiliwa. Ni kama mkokoteni: jasho lote unalitoa unapoupandisha, ukianza kushuka kazi yako ni kuomba Mungu. Nishati iliyowekwa kule juu ndiyo hugeuka kuwa mwendo. Kutoka urefu wa mita 40, bila kuhesabu msuguano, treni hufika chini ikiwa na kasi ya kilomita 100 hivi kwa saa, iwe imebeba walimu watupu au watoto wa kidato cha kwanza. Uzito wa abiria hauingii katika hesabu.

Mwaka 1884, huko Coney Island, New York, Mmarekani aliyeitwa LaMarcus Thompson alifungua reli yake ya mchezo. Nauli ilikuwa senti tano, na kasi ilikuwa kilomita 10 hivi kwa saa. Baiskeli ya muuza maziwa ingeipita. Hata hivyo watu walifurika. Ndipo wengine wakatafuta makubwa zaidi, na mwaka 1895 papo hapo Coney Island ikajengwa reli yenye kitanzi cha kupindua watu kichwa chini. Kitanzi chenyewe kilikuwa duara kamili, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Hesabu inaonyesha kwamba ili treni isianguke kwenye kilele cha duara kamili, sharti abiria akandamizwe kwa angalau mara sita ya uzito wake anapoingia na kutoka chini. Abiria waliumia shingo. Duara liliwapendeza macho wajenzi, lakini mifupa ya watu haikulipenda.

Jawabu lilipatikana baadaye sana. Mwaka 1976, mhandisi Mjerumani Werner Stengel alisanifu kitanzi cha rolakosta iitwayo Revolution huko California. Umbo lake lilifanana na tone la maji: chini pamepinda polepole, juu pamepinda kwa ukali. Treni inapokuwa na kasi kubwa inapewa kona pana, na inapopungua kasi inapewa kona ndogo. Watu wakapinduliwa na shingo zao zikabaki salama. Tangu hapo vitanzi vya namna hiyo vimejengwa kila mahali.

Unaona, msomaji? Wahandisi hawakuitibu shida ile kwa kuiondoa kasi. Waliitibu kwa kuupima mchapuko. Wakitaka, wanaweza kuufanya mdogo hata usijulikane. Lile gurudumu kubwa la London lililofunguliwa kwa umma mwaka 2000 lina urefu wa mita 135, na huzunguka mara moja kwa nusu saa. Nilipopiga hesabu niliona kwamba mtu wa kilo 50 akiwa humo huongezewa au hupunguziwa uzito wa gramu nne hivi, sawa na kijiko kimoja cha chai cha sukari! Upande wa pili, rolakosta iliyofunguliwa Abu Dhabi mwaka 2010 hufikia kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi, na abiria huvaa miwani ili upepo na wadudu wasiwaumize macho. Nao hushuka wakicheka.

Sasa niingie katika lile lililonifanya nishike kalamu. Ikiwa watu hushuka kutoka kasi ya 240 wakicheka, mbona mwingine huvunjika akiwa katika gari linalokwenda kilomita 36 tu?

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kila siku za masomo napanda matatu asubuhi na jioni. Mwaka juzi, matatu niliyokuwa ndani yake iligonga nyuma ya lori lililokuwa limesimama kando ya barabara. Hatukuwa tukienda kasi sana, na mimi nilichubuka goti tu. Lakini kiti cha mbele yangu palikuwa na mama aliyempakata mtoto wa mwaka mmoja hivi. Mtoto alimponyoka akagonga kiti cha mbele kwa kichwa. Walipelekwa hospitalini, na sikujua yaliyofuata. Ninachokumbuka ni maneno ya abiria pale kando ya barabara. "Mama gani huyu? Mbona hakumshika mtoto vizuri?" Mama yule hakujibu. Alikuwa akiitazama mikono yake.

Basi nami nimepiga hesabu kwa ajili yake. Gari la kilomita 36 kwa saa huenda mita 10 kila sekunde. Likigonga kitu, tuseme uso wake hubonyea na kusimama katika nusu mita. Mabadiliko hayo ni makali mara kumi ya mvutano wa dunia. Mtoto wa kilo 10, kwa kitambo hicho kidogo, huwa kama mzigo wa kilo 100 unaotaka kwenda mbele. Gunia letu la mahindi ni kilo 90. Nionyesheni mama, nionyesheni hata mpiganaji wa mieleka, anayeweza kulidaka gunia la mahindi lililozidi kujaa, akiwa ameketi, bila onyo, kwa mikono mitupu. Hayupo. Mama yule alimshika mtoto vizuri. Hakuna mikono inayotosha kazi ile. Laiti ningejua anakoishi ningeenda kumwambia hivyo.

Na sisi wakubwa tunaosema kama mzee wa kitambi, "Nitajishikilia," tuangalie hesabu yetu pia. Asiyefunga mshipi, gari likisimama yeye huendelea na mita zake 10 kwa sekunde, kama Newton alivyosema, mpaka akutane na kiti cha mbele au kioo. Hapo husimama katika sentimita 10 pengine. Mchapuko huo ni mara hamsini ya mvutano wa dunia. Aliyefunga mshipi husimama pamoja na gari katika ile nusu mita, kwa mara kumi. Mishipi haikupunguza kasi ya mtu yeyote. Kazi yake ni kurefusha safari ya kusimama, kama vile Stengel alivyopanua kona. Na mtoto mchanga anahitaji kiti chake mwenyewe chenye mishipi, jambo ambalo bado hatujalitilia maanani katika magari yetu ya abiria.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, kugonga kitu ukiwa katika kilomita 36 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mti wa mita 5. Kwa kilomita 80 ni kama kuanguka kutoka mita 25, yaani jengo la ghorofa nane hivi. Hakuna anayekubali kuketi ukingoni mwa ghorofa ya nane bila kizuizi. Lakini kwenye kiti cha matatu tunakaa na kusinzia.

Sheria tunayo. Mwaka 2004, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, magari ya abiria yalilazimishwa kuweka mishipi kwenye kila kiti na vifaa vya kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Lakini wewe na mimi tunajua mambo yalivyo. Mishipi mingine imefungwa fundo chini ya kiti, mingine ina grisi, mingine haina kifungo. Makanga akipaza sauti, "Watu wangu, fungeni mishipi, karao wako mbele!" utasikia ta! ta! ta! gari zima. Tukishavuka kizuizi, ta! ta! ta! tena, mishipi inafunguliwa. Kana kwamba Newton ni polisi wa trafiki asimamaye pale darajani tu. Newton yuko kila mita ya barabara, ndugu zangu, wala hahongeki.

Kwenye shoo tulilipa shilingi mia moja ili tushtuliwe na mchapuko ambao mtu aliupima kwanza, na bado mashine haikuondoka mpaka chuma kiliposhuka juu ya kila paja. Barabarani mchapuko haukupimwa na mtu yeyote, na hapo ndipo tunapojiona mashujaa. Kidato cha tatu ni wakati wa kuchagua masomo, na wengi wa rafiki zangu wameiacha fizikia wakisema haina faida nyumbani. Mimi nimeichagua, na hesabu ya gunia la mahindi ndiyo sababu yangu.

Kwa hiyo, mwenzangu, ukiingia kwenye matatu asubuhi ukanikuta nimeinama nikihangaika kuufukua mshipi chini ya kiti, usinicheke. Nisaidie kuuvuta, kisha nawe ufukue wako.